Tutengeneze Nyumba Wanazokaa Wazee Wetu

Wazee wetu, ndugu zetu wana Mtendeni mlio hapa na mlio mbali,

Mwaka huu tunaomba mchango wa nyumba. Hatujengi kituo cha wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe inataka mzee atunzwe kwanza na familia, kituo kiwe njia ya mwisho. Tunataka kukarabati nyumba wanazokaa sasa.

Mnazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo mwisho wa ua. Zilijengwa kwa watu wenye magoti. Bibi wa miaka 80 huamka usiku, avuke kizingiti, ashuke ngazi, apite gizani penye tope la masika. Wengine huacha kunywa maji tangu magharibi ili wasitoke. Akianguka akavunjika nyonga, ndipo tunapigiwa simu tutume hela ya kumpeleka Kitete. Kizingiti kile fundi angekiondoa kwa siku moja.

Na moshi. Mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha humfanya bibi awe na macho mekundu. Huku kwetu Unyamwezini na kwa jirani zetu Wasukuma, macho mekundu yamewahi kutosha kumwita mtu mchawi, na wapo waliouawa. Halisemwi kwenye harambee, lakini sisi tunalisema. Jiko lenye bomba la moshi ni ulinzi wa mzee.

Wapo kati yetu wanaotaka kumhamishia mama Dar es Salaam. Tunawaelewa. Ila pale barazani kwake, asipoonekana asubuhi moja, jirani anagonga mlango. Zanzibar wanalipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 tangu 2016. Huku Bara bado, hivyo chumba kimoja kikipangishwa ndicho chumvi na mafuta yake, na mpangaji ndiye anayemsikia akiita usiku. Ndugu, msiuze nyumba hizo mzee angali hai.

Fedha zitanunua vyoo vya kukalia karibu na mlango wa nyuma, vyuma vya kushikia, taa ya uani, mabati na majiko. Tutaanza na nyumba ambazo mzee analala peke yake. Asiye na fedha alete saruji, misumari au siku mbili za ufundi. Mweka hazina anaandika vyote.