Apimwe Mtu na Kazi Yake, si Jina la Ugonjwa

Katika kata ya Daudi wilayani Mbulu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang mkoani Manyara, wananchi walio wengi huishi kwa jembe na mifugo, na kazi za mshahara ambazo vijana wanazitazamia ni chache na zinajulikana: ualimu, uuguzi, ulinzi, udereva wa malori ya mazao, uendeshaji wa matrekta na mashine za kuvunia ngano kule Basotu, na ajira za utalii upande wa Karatu na Ngorongoro. Nyingi kati ya kazi hizo humtaka mwombaji apimwe afya kwanza, na katika fomu ya daktari neno kisukari linaweza kuamua riziki ya mtu kabla hajaulizwa anaweza kufanya nini. Swali linalostahili kujibiwa ni kama ni haki mtu ambaye kisukari chake kimedhibitiwa, yaani sukari yake hubaki katika kiwango kinachokubalika kwa dawa, mlo na vipimo vya mara kwa mara, kunyimwa kazi au kuondolewa kazini kwa sababu ya jina la ugonjwa peke yake.

Kisukari ni hali ambayo mwili hushindwa kuitumia ipasavyo sukari iliyomo katika damu, ama kwa sababu kongosho, kiungo kinachotengeneza homoni iitwayo insulini, halitoi insulini ya kutosha, ama kwa sababu mwili hauiitikii insulini iliyopo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, hana budi kujidunga insulini kila siku, ilhali mwenye aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watu wazima, anaweza kuishi kwa mpangilio wa chakula, mazoezi na vidonge, na baadhi yao huongezewa insulini baadaye. Kabla mgonjwa wa kwanza hajadungwa insulini mjini Toronto mwezi Januari 1922, mtoto aliyepata aina ya kwanza hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Leo hii mtoto huyohuyo anasoma, anahitimu na kubisha hodi kwenye soko la ajira.

Wanaobisha hodi hiyo si wachache. Utafiti uliofanyika katika vijiji 6 vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wasiofika 1 katika kila 100, lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta sukari iliyopanda kwa takriban watu 9 katika kila 100. Tafiti hizo mbili hazikutumia njia moja wala hazikuwapima watu wa aina moja, kwa hiyo haziwezi kulinganishwa kwa uzani ulio sawa. Hata hivyo, umri uliopimwa mwaka 2012 ndio umri wa kufanya kazi, na mwajiri anayeamua kutomwajiri yeyote mwenye kisukari anajifungia mlango dhidi ya nguvukazi kubwa.

Ni kweli kwamba hofu ya mwajiri haikuzuka hewani. Hatari inayozungumzwa zaidi ni kushuka kwa sukari, hali inayohesabiwa kuanza pale kipimo kinapokuwa chini ya milimoli 4 kwa lita, ambapo mtu hutoka jasho, hutetemeka, hupatwa na njaa ya ghafla, na asipokula au kunywa kitu chenye sukari haraka anaweza kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Dereva anayetoka Mbulu na lori lililojaa, akiteremka kona za Mlima Magara kuelekea Babati, hana nafasi ya kuzimia hata kwa sekunde chache, na hakuna mtetezi wa haki za wafanyakazi anayeweza kulipuuza jambo hilo.

Pamoja na hayo, hatari hiyo haiwagusi wagonjwa wote kwa uzito mmoja. Sukari hushushwa kupita kiasi hasa na insulini na baadhi ya vidonge kama glibenklamidi, ilhali metformini ikitumiwa peke yake kwa kawaida haimfikishi mtu huko. Madereva wawili wanaweza kuwa na kadi za kliniki zenye neno lilelile, mmoja akawa na hatari ndogo sana ya sukari kushuka na mwenziwe akawa na hatari inayohitaji uangalizi, na katazo la jumla linalowaweka kapu moja haliwezi kuitwa hatua ya usalama kwa sababu halikuipima hatari yenyewe.

Nchi zilizowahi kuwa na makatazo ya namna hiyo zimekwisha kuyalegeza. Uingereza, tangu Novemba 2011, imewaruhusu watumiaji wa insulini kuomba leseni za malori na mabasi kwa masharti makali: dereva hupima sukari hata siku asizoendesha, huitambua dalili ya sukari kushuka, hukaguliwa na daktari bingwa kila mwaka pamoja na kumbukumbu za kipima sukari chake, na akiwa kazini hupima kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa 2 za safari. Marekani nayo ilibadili kanuni zake mwaka 2018, ikaweka tathmini ya dereva mmoja mmoja mahali pa zuio lililokuwa likiwahitaji watumiaji wa insulini kuomba msamaha maalumu. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2005, Mahakama ya Kazi ilisikiliza shauri la mtumishi aliyekataliwa kazi ya zimamoto katika Jiji la Cape Town kwa sababu alitumia insulini, ikaamua kwamba katazo la jumla lisilotazama hali ya mtu mwenyewe ni ubaguzi usio wa haki, ingawa kisukari hakikutajwa kwa jina katika sheria ya nchi hiyo.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza ubaguzi katika kifungu cha 7, na kifungu hicho kinamlinda hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa. Orodha ya sababu zilizokatazwa ni ndefu: imo rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, na umo pia Ukimwi, lakini hali ya afya kwa jumla haimo. Matokeo yake ni kwamba mwenye kisukari kilichodhibitiwa hukwama katikati, kwani anafanya kila kitu ambacho wenzake wanafanya na kwa hiyo ni vigumu kumwita mlemavu, wakati huohuo ugonjwa wake hauna kinga ya kutajwa kwa jina. Jirani wa Tanzania amekwisha kuliziba pengo hilo, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, imeitaja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Sheria ya Tanzania haikumwacha mgonjwa mikono mitupu, hata hivyo. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa sababu ya afya apime kwanza ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa ili mhusika aendelee kuifanya. Tatizo ni kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyeajiriwa kwa muda usiotimia miezi 6, na sheria yenyewe haivihusu vyombo kama Jeshi la Ulinzi, Polisi na Magereza, ambavyo vijana wengi wa Manyara huvitazamia.

Wanaotetea katazo la jumla husahau matokeo yake ya kwanza, nayo ni kuficha. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mfanyakazi anayejua kwamba neno moja kliniki litampotezea mkate wa watoto ataruka siku ya kliniki, atapima sukari kwa kificho au asipime kabisa, na atakosa kumwambia utingo wake kwamba akimwona anaweweseka ampe soda yenye sukari. Katazo lililowekwa kwa jina la usalama humweka barabarani dereva asiyepimwa, ambaye ni hatari kuliko yule anayepimwa na kujulikana.

Mambo yanayohitajika mahali pa kazi si makubwa wala ya gharama. Mtumishi anahitaji dakika chache za kula kwa wakati, ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku, na mahali pa kuhifadhi insulini, ambayo chupa yake isiyofunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Penye friji ni rahisi. Kwenye kambi ya shambani isiyo na umeme, chungu kidogo huwekwa ndani ya chungu kikubwa, nafasi iliyo kati yake ikajazwa mchanga unaoloweshwa maji mara kwa mara, na chupa inayotumika ikakaa humo ikilindwa dhidi ya joto la mchana. Mwajiri anayeshindwa kuruhusu chungu hicho hawezi kudai kwamba amefanya kila lililowezekana.

Bunge linapaswa kuongeza maneno hali ya afya katika kifungu cha 7, na waajiri wanapaswa kumuuliza daktari swali lililo sahihi, yaani si kama mtu ana kisukari, bali kama anaweza kufanya kazi hii, kwa masharti gani, na apimwe tena lini. Kwa aliyekwisha kuachishwa kazi, msaada unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kupeleka mgogoro huo huko ni siku 30 tangu alipoachishwa.