Mto Haujui Mpaka wa Mkoa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wanaotayarisha semina za kuhifadhi maji mikoani)



Tumekutana kwa kazi moja: kutayarisha semina za kuhifadhi maji. Kabla hatujagawana mikoa, tuutazame kwanza Mto Ruaha Mkuu, maana umekwisha kutufundisha mengi.

Mto huu hupata maji yake katika vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere. Hushuka uwanda wa Usangu, huingia kinamasi cha Ihefu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na viboko wakabanana katika madimbwi.

Je, hapakufanywa lolote? Mwaka 2001 Waziri Mkuu, Ndugu Frederick Sumaye, aliahidi huko London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likatiwa ndani ya Hifadhi. Mwaka 2010 ukafika, ukapita, na mto ukaendelea kukauka.

Basi ahadi peke yake haijazi mto, wala amri peke yake haijazi mto. Maji yanaondoka penye mabanio, na mkono unaofungua banio ni wa mwananchi. Wakati wa kiangazi, mpunga umekwisha kuvunwa, maji huendelea kuingia mifereji mirefu ili watu wapate ya kunywa na kuoga. Mengi hupotelea njiani kwa jua na kwa ardhi. Asiyefunga banio si mtu mbaya. Hana kisima, na hajapata kumwona jirani yake wa chini akichimba mchangani kutafuta maji.

Nasi tuseme kweli juu yetu wenyewe. Semina zetu za kwanza tulizifanya katika kumbi za mjini. Watu wa juu tuliwaita siku yao na watu wa chini siku yao. Wa chini waliwalaumu wa juu, wa juu waliwalaumu wafugaji, na wafugaji hatukuwaita. Tulipiga makofi, tukala wali, tukarudi makwetu. Mabanio yakabaki wazi vile vile.

Wako waliotutangulia kwa njia bora. Miaka ya mwanzo ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Uingereza walitumia huko Usangu mchezo wa ubao ulioinamishwa. Gololi ndizo maji, vijiti ndivyo mabanio. Aliye juu huchota nyingi, aliye chini huambulia chache au hukosa kabisa. Kisha hubadilishana nafasi. Mtu akikaa chini na kuona shamba lake halina gololi hata moja, hahitaji hotuba yetu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapendekeza haya. Semina zifuate mto, zisifuate mpaka wa mkoa: mtu wa Njombe, wa Mbeya na wa Iringa wakae mkeka mmoja. Zifanyike penye banio, si hotelini. Waitwe wakulima, wafugaji na wavuvi. Na kina mama wasemao kwa kuwa ndio wachotao wasiachwe nyuma ya mkutano. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Tuzipime kwa kamba, watu wazione. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawaruhusu watumia maji kuunda jumuiya zao. Tueleze namna ya kuziunda.

Mwisho, semina isifungwe kwa maazimio matupu. Ifungwe kwa zamu iliyoandikwa: nani atafunga banio lipi, siku gani, na nani wa kijiji cha chini atakuja kushuhudia. Na pale watu wanapotegemea mfereji kwa maji ya kunywa, tusiwaambie wafunge kabla hatujasaidiana nao kuchimba kisima.

Kiangazi hakitungoji. Tugawane kazi sasa.