Usaili wa Fundi: Mhadhara wa Umma, Ediofe, Arua



Wazee wa West Nile, huku kwetu kaskazini mwa Uganda, wanakumbuka, kwa kuona au kwa kusimuliwa, zama ambazo vijana wa Kilugbara na wa Kialuri waliandikishwa kwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi, yaliyoasisiwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na ya Kakira, aliyoyaanzisha Muljibhai Madhvani. Na kilichotafutwa kwao aghalabu kilikuwa siha ya mwili na nguvu za mabega, hata ikawa desturi kwamba mtu wa kaskazini huajiriwa kwa kutazamwa, wala haulizwi ana maarifa gani.

Desturi hiyo haijatoweka, ijapokuwa kazi zenyewe zimebadilika. Tangu makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalipofunguliwa huko Yumbe mwaka 2016, madarasa na zahanati zimejengwa, na waashi, maseremala na mafundi bomba wamehitajika. Lakini wengi wa mafundi wetu walijifunza kwa mjomba au kwa jirani, na baadhi yao ni watoto wa waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979 vilivyoiangusha serikali ya Uganda, ambao kazi waliijulia ugenini pasipo kupata hati yoyote. Kwa ajili ya watu wa namna hii kuna kitabu kiitwacho Worker's PAS, kilichokuwa kikitolewa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani chini ya sheria ya mwaka 2008 ya elimu ya ufundi, ambacho huorodhesha kazi ambazo fundi amepimwa akaonekana anaziweza. Namsihi kila fundi akitafute. Hata hivyo, kitabu humfikisha fundi mlangoni tu. Ndani atakuta msaili.

Ili kuonyesha namna ya kumkabili, niruhusuni nikawie kidogo katika mfano wa mchanga. Mwashi ameketi mbele ya wasaili, naye anaulizwa kama mchanga uliomwagwa pale uwanjani unafaa kwa zege. Asiyejiandaa hujibu kwa adabu, "Ndiyo, mzee, unafaa." Aliyejiandaa huomba chupa nyeupe, akaijaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo, akaitikisa kwa nguvu na kuiweka mezani, mchanga hutua mara moja, na tope hujikusanya juu yake polepole, tabaka laini ambalo kila aliyepo huliona. Kisha huwaeleza kwamba tope likizidi huizuia saruji isizishike chembe za mchanga, na kwamba mchanga kama huo huoshwa au hurudishwa ulikotoka. Hapo elimu iliyokuwa mikononi imepata ulimi, nami sijui maandalizi ya usaili yaliyo bora kuliko haya: kijana amweleze mjomba wake kila jioni, kwa sauti, kazi aliyoifanya mchana na sababu ya kuifanya hivyo, na siku ya usaili afike na mwiko wake, timazi lake, na majina ya watu aliowajengea.

Waajiri nao wana wajibu, na mzigo wao ninauona mzito zaidi. Kumhoji mwashi ofisini, kwa Kiingereza cha shuleni, ni kumpima kwa kipimo kisichokuwa cha kazi yake. Katiba ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Basi fundi na asailiwe penye ukuta, kwa Kiswahili, kwa Kilugbara au kwa Kikakwa, na apewe matofali ayapange kwenye kona mbele ya macho ya wasaili.

Na fundi asiondoke kabla ya kuuliza habari za ujira, saa za kazi na dawa akiumia. Wengi huona haya, wakidhani kuuliza ni ukaidi, ilhali Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya wiki 12 kupita tangu alipoanza kazi.