MATAIRI YA PIKAPU ZA SHAMBA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na matanboi, Muhoroni)



Tumeombwa kusema habari ya matairi, na hasa jinsi ya kuchagua matairi mapya ya pikapu zile nzito zinazochukua watu, mbolea na vyuma vya trekta katika mashamba ya miwa. Wengine watauliza, je, hii ni kazi ya chama? Anunuaye matairi ni tajiri, wala si dereva. Ni kweli. Lakini anayekaa juu ya matairi hayo si tajiri, na tairi likipasuka anayeandikiwa barua si tajiri pia.

Mambo haya tulifundishwa na njia. Tulikuwa katika pikapu moja iliyokuwa ikishuka kutoka Koru, watu kumi na wanne nyuma pamoja na mapanga yao ya kukatia miwa. Tairi la nyuma la upande wa kushoto likapasuka. Gari likayumba, likageuka, likasimama ukingoni mwa mtaro. Hakufa mtu, ila mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Siku ya tatu dereva akaambiwa kwamba tairi litakatwa katika mshahara wake, maana eti alikwenda mbio. Tukaenda nyuma ya gereji kulitafuta lile tairi, tukalisugua kwa maji. Ubavuni, baada ya namba za ukubwa, limeandikwa 104. Tangu siku hiyo tumekuwa watu wa kusoma matairi.

Namba hiyo, ndugu, ndiyo ya kwanza kutazama, na wengi wetu tumeendesha miaka mingi bila kuijua. Si uzito wenyewe, ni namba ya kuuonyesha uzito. 100 maana yake tairi moja hubeba kilo 800. 104 ni kilo 900. 110 ni kilo 1,060. 112 ni kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Mkiona namba mbili zimetengwa kwa mkwaju, kama 112/110, ile ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, na ya pili ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja kama ya lori. Herufi inayofuata ni ya mwendo: N ni kilometa 140 kwa saa, Q ni 160, S ni 180. Kwa njia zetu herufi hiyo haitusumbui sana. Tunaumizwa na uzito.

Sasa fanyeni hesabu ya gari letu la Koru. Watu kumi na wanne, tuseme kila mmoja kilo 65, ni kilo 910, na karibu mzigo wote wa pikapu hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Ongezeni uzito wa gari lenyewe unaolala nyuma, tuseme kilo 900. Jumla ni kilo 1,810. Matairi mawili ya 104 hubeba kilo 1,800. Basi hapakubaki nafasi hata ya dumu la maji ya kunywa, na dumu lilikuwamo, na jeki, na mapanga. Tena kilo hizo hubebwa kama upepo umejaa kadiri ilivyoagizwa. Ukipungua, na nguvu ya kubeba hupungua.

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa mabishano mengi ya gereji huanzia hapa. Watu husema tairi lilipasuliwa na jiwe. Mara nyingine ni jiwe kweli. Lakini mara nyingi jiwe limesingiziwa. Tairi lenye upepo haba huku limebeba mzigo mzito hukunjika ubavu kila linapozunguka, linakunjika na kunyooka, na kukunjika huko huleta moto. Mpira ukishika moto sana, nyuzi za ndani huachana na mpira. Kwa nje tairi laonekana zima, ndani limekwisha kupikwa. Baada ya hapo hata kijiwe kidogo chatosha. Shikeni ubavu wa tairi kwa mkono mnaposimama: likiwa la moto kuliko wenzake, lina neno. Nanyi pimeni upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi la moto hudanganya kipimo. Kiasi cha upepo kimeandikwa katika kibao cha mlango wa dereva, na aghalabu kuna kiasi cha gari tupu na kiasi cha gari lenye mzigo. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi laweza kustahimili, wala si amri ya kila siku.

Lingine ni hili. Matairi mawili yaweza kuwa na ukubwa ule ule na yasiwe ndugu. Moja limetengenezwa kwa gari la kifahari la kwendea kanisani, la pili kwa gari la kazi. La kazi huwa na alama LT mbele ya namba au mwisho wake, au herufi C baada ya namba ya ringi, na ubavu wake ni mnene. Mtaona pia PR pamoja na namba, kama 8PR au 10PR. Zamani ilikuwa ni idadi ya matabaka ya kitambaa. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, lakini kinatumika. Pikapu nyingi za Land Cruiser huvaa 7.50R16, tairi jembamba lenye tyubu. Wengine hulicheka kwa wembamba wake, lakini hubeba vizuri, na katika matope hukata hadi chini penye udongo mgumu. Sisi hatulicheki.

Habari ya meno. Katika udongo mweusi wa upande wa Chemelil na Kibigori mvua ikinyesha, tairi la barabara hugeuka kuwa mviringo wa udongo baada ya hatua kumi, na dereva huwa abiria. Tairi la matope lenye meno makubwa hujisafisha, lakini kwenye lami hulia kama nyuki, huisha upesi, na breki zake katika lami iliyolowa si za kutumainiwa. Pikapu ya kuchukua watu, ambayo nusu ya siku ipo lami ya Awasi na nusu ipo shamba, yafaa ivae lile la katikati, linaloandikwa A/T. Lile la matope, M/T, tuliache kwa gari linalovuta mengine. Alama ya M+S maana yake ni matope na theluji. Theluji hatuna hapa, na hayo matope yaliyokusudiwa si ya Kano, kwa hiyo msiuziwe kwa alama hiyo. Tazameni ubavu pia, kwa kuwa visiki vya miwa iliyokatwa vimechongoka kama mikuki, na huchoma mahali ambapo hapazibiki.

Tarehe. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Hili lina maana zaidi kwetu sasa kuliko zamani. Kiwanda cha Firestone East Africa kilianzishwa Nairobi mwaka 1969, baadaye kikawa Sameer Africa, na matairi ya Yana yalitoka humo. Mwaka 2016 utengenezaji ukakoma, na wafanya kazi wenzetu wakapoteza kazi. Tangu hapo matairi mengi tuvaayo huja kwa meli, hukaa bohari, hukaa dukani juani. Mpira huzeeka hata usipokanyaga ardhi. Sisi twasema: tairi linalouzwa kama jipya na lina zaidi ya miaka miwili lihojiwe, na lililopita miaka sita litazamwe kila mara kwa nyufa. Na lile lililochongwa meno upya kwa kisu cha moto, ndugu zetu, likataeni hata mkipewa bure. Huyo mchongaji amekata mpira uliokuwa ukifunika nyuzi.

Kama tajiri atanunua mawili tu, yafungwe nyuma. Tunajua wengi mtapinga. Lakini wa mbele akiteleza dereva huona na hupunguza mwendo. Wa nyuma akiteleza gari limekwisha geuka. Na msichanganye aina mbili katika ekseli moja. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likivaa matairi yasiyolingana kimo, gia zake hugombana ndani kwa ndani mpaka zivunjike.

Neno moja kwa matanboi: ringi zile zenye pete ya chuma zimeua watu wakati wa kujaza upepo. Pete ikiruka haiulizi jina. Fungeni minyororo, simameni pembeni, tumieni mpira mrefu wa pampu. Wala msigongegonge pete kwa nyundo wakati upepo umo ndani.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa mali iliyoharibika, ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Kupasukiwa na tairi la 104 ulilopewa na gereji si kusudi. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, naye tajiri hana ruhusa kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lakini dereva wetu alikuwa amesema kwa mdomo tu, mara mbili, kwa nyapara, na nyapara akasema hakusikia. Tulitumia majuma matano kuipata fedha yake. Karatasi moja ingalitosha.

Kwa sababu hiyo tumetengeneza fomu ndogo. Ina nafasi ya namba ya gari, ukubwa wa tairi, namba ya uzito, tarakimu nne za tarehe, upepo wa asubuhi, na kina cha meno. Uingereza sheria yao ni milimeta 1.6 kwa gari dogo. Sisi katika matope tumeandika 4. Jazeni nakala mbili, moja kwa gereji, moja mbaki nayo, na nyapara atie sahihi zote mbili. Akikataa kutia sahihi, andikeni saa na siku aliyokataa, na tanboi awe shahidi.

Fomu zipo kwa katibu. Madereva wa idara ya shamba walete zao kabla ya Ijumaa, maana Jumatatu wajumbe wetu wataonana na msimamizi wa gereji juu ya ununuzi wa matairi ya msimu huu, na hatutaki kwenda mikono mitupu.