Kuunganisha Breki katika Pikipiki za Mizigo



Leo nazungumzia pikipiki zinazogeuzwa umbo katika karakana zetu: zile zilizorefushwa keria ili zibebe magunia ya kahawa, chumvi ya Katwe au mikungu ya ndizi, na zile zilizokatwa nyuma zikatiwa magurudumu mawili. Ustadi huo tunauheshimu. Lakini mara nyingi chuma huongezwa na mzigo huongezwa, huku breki zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani.

Wapo mafundi wanaotaka kuziunganisha, ili kanyagio moja livute breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Wazo ni jema, wala si geni. Kampuni ya Moto Guzzi ya Italia iliuza pikipiki za namna hiyo tangu mwaka 1975. India, zinakotoka nyingi kati ya bodaboda zetu, iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2019 pikipiki ndogo mpya zinazouzwa nchini humo ziwe na breki zilizounganishwa, kwa uchache. Sababu mnaijua: waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele. Kumbe chombo kinaposimama ghafla uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la nyuma, likiwa jepesi, huteleza.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine. Gunia likikaa nyuma ya ekseli hulinyanyua gurudumu la mbele. Breki iliyopimwa pikipiki ikiwa tupu italifunga gurudumu hilo mapema mno, na likifunga juu ya changarawe mwendeshaji huwa chini kabla hajatambua lililomfika. Kwa hiyo marekebisho ya kwanza si ya breki. Keria ifupishwe, mzigo usogezwe mbele.

Baada ya hapo ndipo fundi aunde kiungo. Kanyagio livute kipande cha chuma kinachocheza katikati kama mtange wa mizani. Upande mmoja uende kwenye fito ya breki ya nyuma, upande wa pili kwenye waya wa mbele. Upande wa mbele utiwe springi ngumu, ili nyuma ishike kwanza na mbele ifuate. Na pale mtange unapocheza pawekwe vizuizi viwili. Hivyo ndivyo visahaulikavyo, nami ningewasihi msivisahau kamwe: waya ukikatika bila kizuizi, mtange huanguka upande mmoja, na breki iliyo nzima nayo hupoteza nguvu. Mkono wa breki ya mbele ubaki na waya wake wenyewe. Anayeuondoa ili kuokoa pesa anamwachia mwenye pikipiki njia moja tu ya kusimama, na miteremko ya Kilembe haihitaji kuelezwa katika mkutano huu.

Kwa pikipiki ya magurudumu matatu, mtange mwingine ugawe nguvu sawasawa kati ya kulia na kushoto. Upande mmoja ukishika zaidi, chombo huvutwa upande huo. Mpakani jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa Uganda tunapita kushoto na Kongo hupita kulia. Penye kubadilishana pande hakuna nafasi ya kuyumba.

Jaribio lifanyike mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, kwanza chombo kikiwa kitupu, kisha kikiwa na magunia ya mchanga. Abiria asipandishwe. Breki hizi, hata zikiwa bora namna gani, hazihalalishi abiria wawili. Sheria inamruhusu mmoja. Chombo kilichogeuzwa umbo kipelekwe kwa Mkaguzi wa Magari kabla ya kuanza kazi, na fundi aliyekiunda aende pamoja na mwenyewe, maana maswali ya mkaguzi yatamhusu yeye zaidi.

Viatu vya breki huisha, na vya mbele haviishi sawa na vya nyuma. Kila wiki mwendeshaji akinyanyue chombo, akanyage kidogo huku mwenzake akizungusha magurudumu kwa mkono. La mbele likishika kabla ya la nyuma, asipakie mzigo siku hiyo. Arudi kwa fundi.