Mbegu Iliyo Ndani ya Mfupa: Kazi ya Daktari Ernest McCulloch



Mgonjwa wa kansa anaweza kufika hospitalini tayari kwa matibabu, akapimwa damu, kisha akaambiwa: damu imeshuka, pumzika kwanza, urudi wiki ijayo. Wako wanaodhani wamenyimwa tiba. Hurudi nyumbani Molo au Subukia wasionekane tena. Wangejua sababu ya kuambiwa hivyo, wangerudi.

Sababu hiyo inaelezwa vizuri na kazi ya daktari mmoja wa damu, Ernest McCulloch, aliyezaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1926. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiunga na Taasisi ya Kansa ya Ontario, akashirikiana na mwanafizikia James Till, kijana aliyelelewa shambani. Swali lao lilikuwa hili: uboho, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa, unastahimili mionzi kiasi gani?

Waliwapiga panya wa maabara mionzi mikali iliyoharibu uboho wao. Bila msaada, panya hao wangekufa. Kisha wakawadunga seli za uboho kutoka kwa panya wenye afya. Siku kama 10 baadaye, Jumapili moja ya mwaka 1960, McCulloch alikwenda kuwachunguza akakuta vivimbe vidogo kwenye bandama zao. Hakuvipuuza. Alivihesabu, akaona idadi yake inafuata idadi ya seli zilizodungwa: takribani kivimbe 1 kwa kila seli 10,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961.

Je, kila kivimbe kilitoka kwa seli moja? Mwanafunzi wao, Andrew Becker, alitumia mionzi kuacha alama kwenye kromosomu za seli, kama mfugaji wa Gilgil anavyowatia ng'ombe wake chapa. Mwaka 1963 ikaonekana kwamba seli za kivimbe kimoja zina alama ileile. Zilikuwa watoto wa mama mmoja. Mama huyo ndiye seli shina: huzaa aina mbalimbali za seli za damu, na pia huzaa seli shina nyingine kama yeye.

McCulloch aliendelea kuchunguza damu na kansa yake kwa miaka mingi. Yeye na Till walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2005. Alifariki mwaka 2011.

Mkulima wa viazi ataelewa haraka. Baridi kali ikiunguza shamba zima, aliyehifadhi mbegu atapanda tena. Lakini akila mbegu, hana msimu ujao. Mionzi inayogusa mifupa mikubwa kama nyonga, hasa ikiambatana na dawa za kansa, hupunguza seli za uboho. Ndiyo maana dozi hugawanywa kwa siku nyingi, na damu hupimwa mara kwa mara. Daktari anayesema "subiri" analinda mbegu.

Zamani mgonjwa wa Nakuru alilazimika kwenda Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Leo tiba hiyo inapatikana katika hospitali ya rufaa hapa mjini. Kwa hivyo, aliyeambiwa asubiri aandike tarehe na arudi siku hiyo. Akipata homa wakati damu imeshuka, asingoje tarehe wala asinunue dawa dukani. Aende hospitalini mara moja, kwa sababu seli zake za kinga ni chache.

Wenye afya nao wana sehemu yao. Wakati uboho wa mgonjwa unapumzika, huenda akahitaji damu ya mwingine. Seli za kugandisha damu hazihifadhiki zaidi ya siku 5 hivi, kwa hivyo wachangiaji wa mwaka jana hawawezi kumsaidia mgonjwa wa leo. Mtu wa miaka 16 hadi 65, mwenye afya na uzani usiopungua kilo 50, anaweza kufika katika kituo cha damu cha Nakuru apimwe na kuchangia. Hatapungukiwa. Seli shina zake zitaanza kujaza pengo hilo mara moja.