Jina la Tovuti Lililonunuliwa Habari Ikiwa Bado Moto
Maelezo kwa wakaazi na wafanyabiashara wa Muthurwa



Habari hufika Muthurwa mapema. Marikiti iko hapo, stesheni ya reli iko hapo, mabasi ya mashambani yako hapo, na Gikomba ikishika moto, harufu ya moshi huingia sokoni kabla redio haijasema neno. Lakini wako watu wengine wanaoisikia habari hiyo kwa haraka vilevile, na wao hawaendi kutazama moto. Huketi mbele ya kompyuta na kununua jina.

Jina lenyewe ni lile linaloandikwa kwenye simu ili kufungua tovuti, mfano nairobi.go.ke. Wataalamu huliita kikoa. Kinachofaa kujulikana na kila mwenye simu ni kwamba majina mengi ya aina hii hayatolewi kwa kuangalia nani anastahili. Hupewa anayewahi, kama vile nafasi ya kuegesha mkokoteni alfajiri kando ya Landhies Road. Mtu huchagua maneno, hulipa ada ya mwaka, na baada ya dakika chache jina ni lake. Kwa jina linaloishia na .co.ke, ada huwa karibu shilingi 1,000 kwa mwaka. Hakuna anayemuuliza mnunuzi kama anaijua hiyo biashara, wala kama aliwahi kukanyaga soko analolitaja.

Wapo waliofanya hivyo bila kumdhuru mtu. Aprili 2005, Papa Yohane Paulo wa Pili akiwa mahututi, Mmarekani mmoja aitwaye Rogers Cadenhead alikaa akakisia majina ambayo Papa mpya angeweza kuyachagua, akayanunua kadhaa. Moja lilikuwa BenedictXVI.com. Siku kumi na nane baadaye Kardinali Ratzinger akachaguliwa, akajiita Benedikto wa Kumi na Sita. Mwenye jina alisema hataki kuwakasirisha Wakatoliki zaidi ya bilioni moja, pamoja na nyanya yake. Nyanya zina nguvu kuliko sheria nyingine. Mwaka wa 2020, wakili mmoja wa New York alinunua jina HarrisWalz.com kwa chini ya dola 10. Agosti 2024 Kamala Harris alipomteua Tim Walz kuwa mgombea mwenza, jina hilo lilikuwa na bei ya dola 15,000, na likauzwa.

Vijana wakisikia hayo huona biashara, na si kosa kuiona. Tatizo ni kwamba mlango huohuo hutumiwa na mwizi, naye hahitaji kungoja mnunuzi wa dola 15,000. Yeye anataka shilingi 500 kutoka kwa watu elfu moja, leo, kabla habari haijapoa.

Ulimwengu uliona jambo hili waziwazi mwaka wa 2020. Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa jina Covid-19 tarehe 11 Februari. Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi. Katika wiki hizo majina ya tovuti yenye neno corona au covid yalisajiliwa kwa maelfu duniani. Mengine yalikuwa ya hospitali, magazeti na watu wa kujitolea. Mengine yaliuza barakoa ambazo hazikuwahi kufika, na mengine yalivuna namba za siri za benki.

Nchini Kenya habari za namna hiyo ni za aina mbili, na mfanyabiashara wa Muthurwa huguswa na zote.

Ya kwanza ni msiba. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliwaua watu 15 Gikomba. Mkenya akisikia hayo hutoa. Ukame wa mwaka wa 2011 ulipowashika watu wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini, mchango wa Kenyans for Kenya ulikusanya mamia ya mamilioni ya shilingi, nyingine kutoka kwa watu wa kawaida wakituma walichonacho kwa M-Pesa. Moyo huo ndio tapeli anaoutafuta. Jina la soko lililoungua, likiongezwa neno “msaada” au “mchango”, hununuliwa moto ukiwa bado unazimwa, picha za jivu hubandikwa, na nambari ya simu huwekwa chini. Aliyepoteza kibanda hapati hata senti, na jirani yake aliyetoa anadhani ameshamsaidia. Hilo ndilo linalouma zaidi: wizi wa namna hiyo humnyang’anya aliyeungua mara ya pili.

Ya pili ni tangazo la serikali. Huduma mpya ikitangazwa, siku za kwanza kila mtu huuliza, “Mtu anajiandikisha wapi?” Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, swali lilikuwa hilohilo katika kila saiba na kila kinyozi. Jibu lilikuwa *147# au tovuti ya sha.go.ke. Lakini swali likiwa kubwa na jibu halijaenea, mwenye jina linalofanana hupata wateja wa bure. Julai 2023 mtandao wa eCitizen uliposhambuliwa na huduma kukwama, waliokuwa na haraka ya pasipoti au vyeti walibaki wakitafuta njia nyingine. Saa kama hiyo ni ya hatari. Malipo ya eCitizen yana nambari moja ya Paybill, 222222, na hapajatengenezwa njia ya mkato eti kwa sababu mtandao umelala.

Sasa chukua mfano wa karibu. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka wa 2008 kwa ajili ya wachuuzi waliokuwa wakiuza barabarani katikati ya jiji. Tangu hapo, neno “vibanda vinagawanywa” likitajwa, simu hulia hadi usiku. Tuseme kesho ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp ukiwa na anwani hii, ambayo ni ya kubuni: vibanda.nairobi.go.ke.usajili-soko.com. Mama wa mitumba ataona nairobi.go.ke mle ndani na kutulia. Hapo ndipo anapoliwa.

Jina la tovuti husomwa kutoka kulia. Tafuta alama ya kwanza ya mkwaju (/) baada ya jina. Kama haipo, nenda mwisho wa jina. Kisha rudi nyuma kushoto. Katika mfano huo, mwisho ni .com, na kabla yake ni usajili-soko. Mwenye nyumba ni usajili-soko.com. Maneno yote yaliyo kushoto kwake, pamoja na nairobi.go.ke, ni rangi aliyojipakia mwenyewe ukutani, na angeweza kuandika Ikulu kama angependa. Jina la kweli la kaunti huishia na nairobi.go.ke, au kwa leseni za biashara na malipo mengine ya kaunti, nairobiservices.go.ke. Nukta ni nukta. Kistari kikiingia mahali pa nukta, mfano nairobi-go-ke, hilo ni jina jingine kabisa na mwenyewe ni mwingine.

Mwisho wa .go.ke una uzito kwa sababu haununuliwi kwa haraka. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na .go.ke imetengewa taasisi za serikali peke yake, zinazoomba kwa barua rasmi. Vivyo hivyo .ac.ke ni ya vyuo na .sc.ke ni ya shule. Lakini .co.ke, na tangu mwaka wa 2017 jina linaloishia na .ke peke yake, hununuliwa na yeyote. Wala ile alama ya kufuli juu ya skrini isimdanganye mtu. Kufuli husema kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti hayasikilizwi njiani. Haisemi anayezungumza upande wa pili ni nani. Tapeli pia ana kufuli.

Kuna njia nyingine ambayo wachache huitumia, nayo ni ya bure. Kwenye tovuti ya KeNIC mtu anaweza kuandika jina lolote la .ke na kuona lilisajiliwa lini. Shirika linalojisifu kuwa limehudumia mayatima kwa miaka kumi, na jina lake lilisajiliwa Jumanne iliyopita, saa mbili baada ya moto, limeshajieleza. Kijana yeyote wa saiba anaweza kumfanyia mzee kazi hiyo kwa dakika moja.

Na kwa vijana hao wanaofikiria kununua majina ili kuyauza: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 imeweka mpaka. Kununua neno la kawaida, au kukisia jambo ambalo halijatokea, si hatia. Lakini kifungu cha 28 kinamshika anayetwaa au kutumia kwa makusudi jina, alama ya biashara au jina la tovuti la mtu mwingine bila idhini wala haki. Faini ni hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au yote mawili. Akiunda tovuti ya kuwahadaa watu watoe siri zao, kifungu cha 30 kinapandisha faini hadi shilingi 300,000 na kifungo hadi miaka mitatu. Kwa hiyo anayeona kampuni ya mwenziwe imetajwa kwenye taarifa ya saa moja, akakimbia kuwahi jina ili aje kumwuzia kwa bei ya kukomoa, ajue kuwa kutangulia si kufika.

Aliyekwisha kutuma pesa asione haya kusema. Wateja wa Safaricom hutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, na ujumbe wa ulaghai hupelekwa 333. DCI hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203. Picha ya skrini inayoonyesha jina zima la tovuti isaidie wapelelezi. Bila jina hilo kazi yao huwa ngumu.

Limebaki jambo moja kwa vyama vya soko na vikundi vya akina mama. Kikundi chenye jina linalojulikana kinafaa kulisajili mapema, siku za amani, kupitia wakala aliyeidhinishwa na KeNIC. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la mtoto wa katibu aliyejitolea kusaidia, maana akihamia Mombasa au wakikosana, jina huondoka naye. Mweka hazina aandike tarehe ya kulipia tena katika daftari lilelile la michango, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Jina lisilolipiwa hurudi sokoni, na yeyote aweza kulichukua.